Chura Yupo, Kulungu Hakuna

Waliokuwepo asubuhi ya Ijumaa, tarehe ishirini na moja Agosti mwaka 1998, kwenye benchi la mianzi mbele ya duka la kijiji chetu, Igsarungan, ni hawa. Trinidad Sarabia, mjane, mwenye duka na mwenye birika, ambaye sote tunamwita Nang Trining, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, hata mimi niliyemzidi umri. Alfonso Sumandi, fundi viatu, aitwaye Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Crisanto Servidad, aitwaye Sajini. Wakati wa vita aliwapikia wapiganaji wa msituni na hakupata cheo chochote, hiki alipewa na benchi. Eleuterio Sumagaysay, mwenye nyati wa kuvuta magogo, aitwaye Pengo tangu nyati huyo alipomtoa meno mawili ya mbele. Na mimi, Hermogenes Siblag, mwalimu mstaafu. Majina yetu ya ukoo yanaanza na herufi moja, kama ya mji mzima, kwa kuwa Wahispania waligawa majina kwa kurasa za orodha na sisi tuliangukia ukurasa huo. Hakuwepo Francisco Saligumba, Isko, ambaye hukaa mwisho wa benchi, upande wa mlima.

Isko alikuwa ameondoka Jumatatu kwenda juu kutafuta alama ya kulungu. Ofisi ya misitu ilikuwa na uwezo wa kulinda sehemu moja tu katika milima yetu: ama mgongo wa Balabag, ulio juu ya chemchemi yetu, ambako kuna kulungu wa madoa, ama bonde la Pangi, upande wa pili, ambako kuna chura mdogo wa majani. Wote wawili, kwa maelezo ya ofisi, wamebaki wachache duniani. Balabag ikichaguliwa, misumeno ingetolewa huko na Isko angekuwa mlinzi. Pangi ikichaguliwa, Balabag ingeachwa kama ilivyo, yaani kwa misumeno. Uamuzi ulikuwa utolewe ukumbini saa nne ya asubuhi hiyo. Ilikuwa saa mbili na nusu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumanne, na Isko alikuwa hajarudi.

— Atarudi na pembe, alisema Redio. Nawaambieni, atatokea pale kwenye migomba na pembe begani, kama mtu anayetoka sokoni.

— Pembe ya nani? alisema Pengo. Ya mbuzi wa padre?

— Ya kulungu, ile anayoiangusha kila mwaka.

— Kulungu gani, bwana. Mimi napanda Balabag na nyati wangu mara tatu kwa wiki. Kulungu wa mwisho nilimwona mwaka themanini na moja. Akanitazama kama padre anayesubiri maungamo, kisha akaenda zake.

— Angekaa afanye nini, alisema Sajini, na amekuona na msumeno.

— Msumeno si wangu, kaka yangu Nong Sajini. Mimi navuta tu.

— Haya. Unavuta tu.

Nang Trining akatumiminia kahawa. Kahawa yake ni ya mchele uliokaangwa mpaka ukawa mweusi, kwa sukari guru. Hakuna aliyepata kuilalamikia akiwa mbele yake.

— Mimi sioni ugomvi uko wapi, alisema Redio. Akavisogeza vikombe viwili ubaoni, kimoja kushoto, kimoja kulia. Kulungu huyu hapa. Chura huyu hapa. Kulungu ana kilo arobaini. Chura yule hafiki uzito wa kijiko. Kulungu ana nyama, ana ngozi, ana pembe, ana uso, ukimwangalia unajua anakuwaza nini. Chura ana nini?

— Ana sauti, nilisema.

— Ana sauti. Mwalimu, hata mimi nina sauti, na hakuna ofisi iliyokuja kunilinda.

— Wewe huko hatarini, alisema Nang Trining. Ungekuwa hatarini tungepumzika.

Pengo alicheka mpaka kahawa ikampitia kwenye pengo. Sajini hakucheka. Alikuwa akiitazama ile sahani ndogo ya kikombe cha Redio kana kwamba ina kitu ndani.

— Vitani tuliwala wote wawili, alisema. Kulungu mmoja aliwalisha watu arobaini kwa siku mbili. Mifupa nikaichemsha siku ya tatu. Chura alimlisha mtu mmoja, na mtu huyo akabaki na njaa yake na aibu juu.

— Ulimla yule wa Pangi? Kadogo vile?

— Nilikula wa kila aina. Sikuwauliza majina.

Hapo nilisema kwamba ingefaa kuuliza. Aliyeliwa vitani ni chura mkubwa wa mtoni, mwenye vijino viwili kwenye taya la chini. Huyo bado yupo, ingawa amepungua. Yule wa Pangi ni mwingine kabisa, hakai mtoni. Hutaga mayai nchi kavu, kwenye majani, na watoto wake hutoka kwenye yai wakiwa na miguu minne tayari, bila kupita kwenye mkia wala maji.

— Mnasikia hilo? alisema Redio. Hana utoto. Anatoka kwenye yai na akili zake zote. Sasa naelewa kwa nini wakubwa wa Manila wanamtaka.

— Kwa kazi gani?

— Jeshi.

— Jeshi la vyura, alisema Pengo.

— Cheka tu. Wewe fikiria mwanajeshi asiye na utoto. Hamkumbuki mama yake, hataki likizo, halii. Wanamsoma yule chura wapate dawa, wawape wanajeshi dawa hiyo. Au unadhani mtu anatoka Manila na viatu vya mpira kuja kusikiliza chura kwa sababu anapenda muziki?

— Walikuwa na kinasa sauti, alisema Sajini.

— Si ndiyo hiyo. Wanainasa sauti. Sauti ile wanaiuza nje, inawekwa kwenye hizi simu za mfukoni. Simu za siku hizi zinaliaje? Tik, tik, tik. Umeshazisikia?

— Sijasikia. Sina simu.

— Basi ndivyo zinavyolia.

Pengo akasema kwamba mambo ya simu hayajui, lakini jambo moja analijua. Chura ndiye anayeita mvua. Mwezi wa Mei jina la chura limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, na tazameni sasa, siku ya nne hatujaona jua. Wakimwekea na mlinzi, mvua haitakatika mpaka tuote kuvu masikioni.

— Kuna Agosti ambayo haikunyesha? aliuliza Sajini.

— Ilinyesha. Lakini si hivi.

Hilo hakuna aliyelipinga. Sote tuliangalia juu. Balabag haikuonekana, kulikuwa na wingu lililoanzia kwenye nyumba ya mwisho na kuendelea. Maji yaliyokuwa yakishuka njiani yalikuwa mekundu kama chai iliyokolea, na yalikuwa yamebeba vijiti.

— Alisema siku mbili, alisema Nang Trining. Zimepita siku nne.

— Amechelewa kwa sababu ya mto, alisema Redio.

— Ana kikohozi tangu sikukuu ya mtakatifu wetu. Alfajiri nimemwamsha ndugu yako Basilio, nikamwambia apande na wenzake wawili wakampokee.

— Kumpokea wapi, Nang? Yule amekaribishwa huko. Ninyi hamjui kilichomo ndani ya Balabag. Mji mzima. Taa za umeme kila nyumba, na hakuna mtu anayekuja kusoma mita. Wakazi wake ni wale wasioonekana, wenye mlima, na kulungu ndio ng'ombe wao. Isko amekwenda kuomba aazimwe ng'ombe mmoja, aje amwonyeshe ukumbini, kisha amrudishe. Na wale ni watu wa adabu. Hawamjibu mgeni kabla hawajamlisha.

— Wakimpa wali mweusi asile, akila harudi, alisema Sajini.

Alisema bila kutania.

— Alibeba chumvi? aliuliza Redio, kwa sauti ya chini.

— Nilimfungia mimi mwenyewe. Chumvi, mchele, dagaa wakavu, na dawa ya kikohozi.

— Basi. Mwenye chumvi hawamshiki.

Pengo alikuwa akikizungusha kikombe chake. Nilimfundisha shuleni, miaka ya sitini, na tangu utotoni huzungusha kitu mkononi akitaka kusema jambo analolionea haya.

— Msinitazame hivyo, alisema. Sina ubaya na Isko. Lakini Balabag ikifungwa, mimi na nyati wangu tutakula nini? Yeye atakula majani. Mimi je?

— Utavuta miwa, kama baba yako, alisema Sajini.

— Baba yangu alifia kwenye miwa.

— Kwa hiyo wewe uko na chura.

— Niko na chura, ndiyo. Chura hanifungii njia. Kulungu mmoja akionekana, mlima mzima unafungwa. Sasa nani mwenye dhuluma hapo?

— Chemchemi, alisema Nang Trining. Umesahau chemchemi. Mkimaliza miti ya Balabag utakuja kuchota maji wapi, kwa chura?

— Huko mbele tutajua.

— Kila mwaka unasema huko mbele.

Sajini akasafisha koo. Alikuwa na lake ambalo tumelisikia mara nyingi, lakini safari hii aliliongeza. Alisema kulungu hawajaisha hata kidogo, wamehama. Wameogelea kwenda kisiwa cha Negros. Aliwaona kwa macho yake mwaka arobaini na nne, kumi na wawili kwa mstari, wakubwa mbele, pembe juu ya maji kama matawi.

— Bahari yote ile? aliuliza Redio.

— Walipumzika Guimaras, kisiwa cha katikati.

— Nani alikwambia walipumzika?

— Si niliwaona.

— Uliwaona wakipumzika?

— Niliwaona wamelowa.

— Pare, alisema Redio, kwa kuwa Sajini ni baba wa ubatizo wa bintiye na wanaitana hivyo, kama ni kweli basi warudi. Hata mmoja. Saa nne haijafika.

Nang Trining alikuja na birika akasimama mbele yangu.

— Mwalimu, hujanywa.

— Nitakunywa.

— Inapoa. Akasubiri, kisha akasema polepole, bila ukali: Wewe ulikuwepo siku ile ya chemchemi.

Nilikuwepo. Ni vizuri nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu imesimuliwa vibaya hapa kijijini, na kila anayeisimulia vibaya hunisaidia mimi.

Mwezi wa Mei walikuja vijana wawili wa ofisi kuandika wanyama. Walikuwa watu wa kisiwa cha Luzon na hawakujua lugha yetu, kwa hiyo nilipanda nao kuwa mkalimani na mwandishi. Isko alikutana nasi kwenye chemchemi. Chemchemi iko juu ya nyumba ya mwisho, na kila mtu wa Igsarungan, hata mtoto, anajua kwamba kuanzia pale kwenda juu kulungu hatajwi. Ukimtaja, hata kwa kumkana, wenye mlima wanasikia na kuwafungia ng'ombe wao ndani, na huwaoni tena. Anayelazimika kumzungumzia humwita yule mwembamba wa miguu. Anayeulizwa kwa jina hujibu hakuna, na hupangusa mdomo kwa kiganja, na mwulizaji akiwa mtu wa hapa huelewa na kusubiri mpaka wakishuka.

Karatasi ilitaka jina halisi la mnyama. Nilimwuliza Isko kwa jina halisi. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Kisha akapangusa mdomo, akasema hakuna. Nikaandika: hakuna. Chini yake nikaandika jina lake kamili na kazi yake, mwindaji.

Kisha nikamwuliza kuhusu vyura. Chura hana mwenyewe, hakuna anayeogopa kumtaja. Isko alichangamka. Aliwataja mmoja mmoja, akaonyesha kwa vidole ukubwa wao, akamwigiza yule wa Pangi kwa ulimi, na wale vijana wakafurahi mno, wakamwomba aigize tena kwenye kinasa sauti. Nikaandika: yupo.

Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto kuandika kilichosemwa, si wanachodhani mtu alitaka kusema. Wamarekani walionifundisha walinichapa viganja kwa ajili ya tofauti hiyo. Siwezi kusema kwamba sikuijua desturi. Niliijua, na kalamu ilikuwa mkononi, na niliona kwamba desturi si jambo la kuandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Jumapili iliyopita karatasi hiyo ilisomwa ukumbini. Chura, yupo. Kulungu, hakuna, kwa ushahidi wa Francisco Saligumba, mwindaji. Isko akasimama. Akasema mwezi wa Februari alimwona jike na watoto wawili wakilamba majivu kwenye shamba lililochomwa, chini ya Balabag. Watu wakacheka, kwa sababu mtu amekana, na sasa anakubali, na katikati kuna kazi ya ulinzi. Msomaji wa ofisi alisema kama ana alama yoyote ailete kabla ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, kofia magotini. Isko aliniangalia kabla hajakaa. Hakusema kwamba ni mimi niliyeandika.

— Nilikuwepo, nilimjibu Nang Trining.

— Najua, alisema. Nilibeba chakula chenu siku ile.

Akaenda kwa Sajini na birika.

— Mimi nilimwambia mvua inakuja, asubiri ipite, alisema Sajini.

— Ulimwambia lini?

— Jumatatu. Alipita hapa. Nikamwambia, Isko, mlima hauhami. Akasema Ijumaa ndiyo inayohama.

— Mimi nilimwambia alete pembe, alisema Redio. Nilisema alama ya mguu haitoshi, wale watu wa ofisi watasema ni ya mbuzi. Pembe hawawezi kuibishia. Akaniuliza pembe zinaangukia upande gani, nikamwambia kule juu penye mawe.

— Wewe unajua pembe zinaangukia wapi?

— Sijui. Nilisema tu.

Pengo alichelewa kusema lake.

— Mimi nilimwambia akileta hata mavi ya kulungu nitayavaa shingoni kwenye misa, alisema. Alicheka. Nawaapia alicheka.

Muda si mrefu tukamwona mwanamke akija kutoka ukumbini kwa mwavuli, viatu vya mpira mpaka magotini, bahasha ya plastiki kwapani. Alikuwa kijana, miaka ishirini na saba hivi. Alijitambulisha kuwa Evangelina Pacunla, ofisa mpya, mtu wa Negros, aliyehamishiwa kwetu wiki iliyopita. Waliokuja Mei si yeye, na aliyesoma Jumapili si yeye. Nang Trining akampa kikombe na nafasi. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya mwisho, upande wa mlima, akakaa hapo.

— Namtafuta Bwana Saligumba, alisema. Nimesoma karatasi usiku kucha na haieleweki. Mtu anataja vyura wa aina sita, na ukubwa, na mahali, na mwezi wanaolia. Mtu wa namna hiyo halafu kwa kulungu anajibu neno moja. Nilitaka nimwulize mwenyewe.

— Amepanda kutafuta pembe, Madam, alisema Redio.

— Pembe ya nini?

— Ya kuwaonyesha ninyi.

— Nani aliyemwambia tunataka pembe?

Redio akaangalia viatu vyake. Nang Trining ndiye aliyemweleza, kwa sentensi chache, mambo ya chemchemi, na jina lisilotajwa, na kiganja mdomoni. Madam Pacunla alisikiliza bila kuandika. Hakutabasamu kama watu wa ofisi wanavyotabasamu tukisema habari za wenye mlima.

— Kwetu Negros bibi yangu alifanya hivyo hivyo, alisema. Kwa hiyo aliposema hakuna, maana yake alikuwa anawalinda.

— Ndiyo.

— Na aliyeandika alikuwa mtu wa kutoka nje, hakujua.

Pengo alikizungusha kikombe. Niliona kwamba hata Redio alikuwa tayari kunyamaza kwa ajili yangu, na hilo lilikuwa zito kuliko angesema.

— Aliandika mtu wa hapa, nilisema. Ni mimi. Hermogenes Siblag. Nilijua.

Alinitazama bila hasira. Akaitoa ile karatasi kwenye bahasha, akauangalia mwandiko, akanitazama tena.

— Hakukuwa na haja ya pembe, alisema. Kwa mnyama wa namna ile neno la mwindaji linatosha, na saini za mashahidi wawili. Ningemsikia Jumapili ningeandika papo hapo. Hata sasa, akishuka kabla ya saa nne akaniambia ule mwezi na lile shamba, natoa karatasi nyingine.

— Mashahidi tupo, alisema Sajini.

— Mimi nitatia saini, alisema Pengo. Sote tulimgeukia. Basi nini, alisema. Sijui kuandika saini?

— Na chura je? aliuliza Redio.

— Chura ana karatasi yake tayari, alisema Madam Pacunla. Na hana adui Pangi, kule hakuna njia hata ya nyati. Ningeweza kumwombea mwakani. Ni kulungu asiyeweza kungoja.

Akanywa kahawa, akakunja uso kidogo, akaimaliza kwa heshima. Kisha akauliza, na aliuliza kama mtu anayetaka tu kukamilisha karatasi:

— Lakini siku ile ya Mei alishuka jioni, sivyo? Alipita hapa. Na baada ya hapo amekaa hapa na ninyi miezi mitatu. Kwa nini hakuna aliyemwuliza tena?

Redio alivirudisha vile vikombe viwili mahali pake, kimoja baada ya kingine. Nang Trining aliangalia ndani ya birika. Miezi mitatu Isko alikuwa amekaa pale alipokaa yule ofisa, asubuhi kwa asubuhi, chini ya chemchemi, mahali ambapo jina linaweza kutajwa na mtu yeyote, na tulizungumza naye juu ya nyati, na bei ya sukari, na jino la Redio.

Saa tatu na dakika ishirini Basilio Sumandi, ndugu yake Redio, alishuka kwa njia ya chemchemi, bila kofia, miguu mitupu. Wenzake wawili hawakuwa naye. Alisimama mvuani, hakutaka kuingia chini ya paa.

— Nang, alisema, tunahitaji mkeka na watu wanne.

Francisco Saligumba alikufa kwa kuanguka, Jumatano tarehe kumi na tisa kwa makadirio ya waliomwosha, chini ya mawe ya Balabag, akiwa na miaka sitini.